Mwenye Panga Hutangulia

Inasimuliwa kwamba Sanwekwe alikuwa bado kijana mdogo alipoanza kufuata nyayo kwenye mitelemko ya volkano za Virunga, nyuma yake akija Carl Akeley, Mmarekani aliyetafuta ngozi na mifupa ya gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Miaka ikapita. Mwaka 1963 Sanwekwe, sasa mtu mzima na askari wa hifadhi, aliwatangulia Alan na Joan Root, wapiga filamu kutoka Kenya. Mwaka 1967 akamtangulia Dian Fossey, mtafiti wa gorila. Wa kwanza alibeba bunduki, wa pili kamera, wa tatu daftari. Yeye miaka yote alibeba panga.

Matembezi ya kwenda kuwatazama gorila katika misitu ya Kongo, Rwanda na Uganda yameandikiwa vitabu vingi, na karibu vyote vimeandikwa na waliokuwa nyuma kwenye foleni. Ndio waliokuwa na kalamu. Lakini kazi yenyewe, ya kumtoa mgeni barabarani asubuhi na kumfikisha mbele ya mnyama asiyependa kuonekana, ilibuniwa na watu wa mbele: wawindaji, warina asali, wakata kuni, askari wa hifadhi wa ngazi ya chini. Majina yao yametufikia vipande vipande, mara nyingi jina moja tu bila la baba.

Habari yenyewe inaanza na mlio wa risasi. Tarehe 17 Oktoba 1902, Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Wajerumani alikuwa akipanda mlima Sabyinyo alipoona juu yake kundi la wanyama wakubwa weusi. Akafyatua. Wawili wakaanguka bondeni, na mmoja tu akaopolewa kwa taabu. Mabaki yake yalisafirishwa hadi Berlin, na mwaka uliofuata mtaalamu Paul Matschie akamtambulisha kwa wanasayansi kwa jina la Gorilla beringei. Aliyempiga risasi mnyama ndiye aliyetunukiwa jina la mnyama, na hadi leo hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Baada yake walifuatana wawindaji na makumbusho. Mwaka 1921 mwana wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, aliua gorila 14. Mtu hapati gorila 14 katika vichaka ambamo jicho halivuki mita tano bila wenyeji waliompeleka hadi pale walipo. Habari za safari hiyo zinamhusu zaidi mpiga bunduki. Mwaka huo huo Akeley naye alichukua watano, kisha akageuka. Aliporudi kwao alishinikiza milima ile ilindwe, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akatangaza hifadhi ya taifa iliyopewa jina lake, ya kwanza barani Afrika. Akeley alirudi Virunga mwaka 1926, akaugua, akafa, akazikwa Kabara, kwenye uwanda ulio kati ya milima Mikeno na Karisimbi.

Hapo hapo Kabara ndipo Fossey alipopiga hema lake Januari 1967, na ndipo tunapopata picha nzuri ya elimu ya watu wa mbele, kwa sababu mwanafunzi alikubali kusimulia alivyofeli somo la kwanza. Aliona njia mbichi ya gorila, akaingia akitambaa kwa furaha, na baada ya dakika chache akagundua kwamba Alan Root hakumfuata. Alipogeuka akamkuta ameketi pale pale njia ilipoanzia. Root alimweleza kwa upole kwamba akitaka kukutana na gorila itambidi afuate upande wanakokwenda, si kule walikotoka.

Sanwekwe akamfundisha yaliyobaki. Majani yanapokanyagwa hulala kuelekea upande mnyama alikokwenda. Gorila hutembea akiegemea ngumi, hivyo penye udongo laini huacha alama za vifundo vya vidole vinne, si kiganja. Shina la selari pori lililomenywa huanza kubadilika rangi baada ya muda, na lililo jeupe lenye maji bado linasema wenyewe hawako mbali. Kinyesi husema mengi zaidi. Kina umbo la vidonge vilivyoungana, mfano wa kinyesi cha farasi. Cha dume mkubwa ni kikubwa, na cha mama anayenyonyesha mara nyingi huwa na kidogo cha mtoto karibu yake. Nzi hawachelewi kutaga mayai madogo meupe juu yake, kwa hiyo anayejua hali ya hewa ya siku hiyo anaweza kukadiria ni saa ngapi zimepita. Kila jioni gorila hukunja matawi na majani na kutengeneza kitanda kipya, na asubuhi hukiacha kikiwa na kinyesi pembeni na nywele ndani. Nywele za rangi ya fedha zikionekana, dume mkuu alilala hapo. Hata leo sensa za gorila hutegemea kuhesabu vitanda.

Mwisho kuna harufu. Dume mkuu akiwa na wasiwasi hutoa jasho kali linalomfikia mtu kabla macho hayajaona kitu. Wafuata nyayo wazoefu husimama hapo, huweka panga chini, na kusubiri.

Mtu wa kwanza kufanya biashara ya elimu hiyo kwa wageni wa kawaida alikuwa na hoteli isiyojaa. Walter Baumgärtel, Mjerumani, alichukua hoteli ndogo ya Travellers Rest mjini Kisoro mwaka 1955. Kisoro ni kona ya kusini-magharibi ya Uganda, chini ya mlima Muhavura, mahali ambapo wakati huo msafiri alifika akiwa na sababu ya pekee au amepotea. Baumgärtel akaona sababu iko juu mlimani. Alimwajiri Reuben Rwanzagire, mwenyeji aliyeujua mlima, na Rwanzagire akaanza kuwapandisha wageni alfajiri hadi kwenye tandiko la ardhi kati ya Muhavura na Gahinga.

Gorila wa wakati huo hawakuwa wamezoeshwa. Waliposikia watu walipiga ukelele, wakapotea kwenye mianzi, na mgeni akabaki na mtikisiko wa majani. Chambo cha vyakula kilijaribiwa ili kuwavuta mahali pa wazi, lakini gorila hawakukijali, na ukifikiri vizuri kwa nini wakijali? Wanaishi katikati ya chakula chao. Kwa hiyo siku nzuri ilitegemea Rwanzagire peke yake: aligundua walipolala, akakisia watakapopumzika mchana, akawapeleka wageni kwa upande wa pili wa upepo. Baumgärtel aliandikia wataalamu, akiwamo Louis Leakey wa Nairobi, na Leakey akamtuma Rosalie Osborn mwaka 1956. Mwaka uliofuata akafika Jill Donisthorpe. Hawa ndio waliotangulia utafiti wa muda mrefu wa gorila wa milimani, na kila mmoja wao alipanda mlima nyuma ya mgongo wa Rwanzagire.

Mtafiti George Schaller, aliyefanya kazi Kabara mwaka 1959 na 1960, aliongeza jambo moja ambalo biashara yote ya baadaye ingesimama juu yake. Hakujificha. Alivaa nguo zile zile zisizong'aa, akaketi mahali pa wazi ambapo gorila wangeweza kumwona vizuri, akaacha wamchoke. Mwindaji hunyatia, Schaller alitaka aonekane. Hata Fossey mwenyewe alianza kama mtalii: mwaka 1963 alishukia Travellers Rest na kifundo cha mguu kilichoteguka kule Olduvai, akapandishwa Mikeno akichechemea, na huko ndipo Sanwekwe alipomwonyesha gorila wake wa kwanza. Miaka minne baadaye, machafuko ya Kongo yalipomfukuza Kabara, alikimbilia hoteli hiyo hiyo. Septemba 1967 akaanza upya upande wa Rwanda, kwenye kambi aliyoiita Karisoke. Kiswahili kilikuwa lugha yake na wafanyakazi wake, na kimebaki kwenye orodha za gorila wa wakati huo: Macho, Kweli, Simba.

Lakini kama kuna mahali ambapo kutembelea gorila kuligeuka kutoka bahati kuwa ratiba, ni Kahuzi, mashariki mwa Kongo.

Mlima Kahuzi una mita 3,308 na unaonekana kutoka mji wa Bukavu hali ya hewa ikiwa safi. Wabelgiji walitenga msitu wake kuwa pori la akiba mwaka 1937. Gorila wa huku si wale wa volkano. Ni wale wa nyanda za chini za mashariki, wakubwa kuliko gorila wote duniani, na msitu wao una mchanganyiko wa mianzi, mabwawa ya matete na vichaka vya mimea itambaayo inayofunga njia nyuma yako mara tu unapopita. Hapo alikuwepo Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyekulia Kivu, mwindaji wa zamani. Alipigania pori la Kahuzi liwe hifadhi ya taifa, na tarehe 30 Novemba 1970 likatangazwa, kilomita za mraba 600. Yeye akawa mlinzi wake wa kwanza.

Deschryver alijua kutembea msituni, ila aliwajua pia waliomzidi. Aliwaajiri Batwa, wawindaji na warina asali ambao vizazi vyao viliishi ndani ya msitu huo huo, na mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Pilipili, hutajwa na watafiti na wapiga filamu waliopita Kahuzi miaka hiyo. Siku baada ya siku kikosi hicho kilitafuta familia ya dume aliyeitwa Casimir, na baadaye ya mwingine aliyeitwa Mushamuka, kikawafikia, kikakaa, kikaondoka.

Kumzoesha gorila ni kazi ya kuchosha kuliko ya kutisha, ingawa ya kutisha pia. Huchukua miaka miwili au zaidi. Watu wale wale wanafika kila siku bila kukosa, kwani siku moja ya kuruka huwapa gorila nafasi ya kuvuka mabonde mawili, na familia iliyopotea wiki nzima inaweza kurudi kwenye woga wake wa mwanzo. Wanajiinamisha. Wanatafuna majani, au wanajifanya. Wanatoa mkoromo mfupi wa kooni ambao gorila wenyewe huutoa wakiwa wameshiba, sauti ya mtu anayesafisha koo polepole mara mbili. Dume mkuu anakuja mbio akivunja miti, kilo mia mbili zinazonguruma, na sharti ni moja: usikimbie. Akimkuta aliyesimama au aliyeinama, karibu kila mara husimama mita chache mbele yake, au hupita pembeni. Akimkuta anayekimbia, humuuma mgongoni au matakoni. Wafuata nyayo wa Kahuzi walisimama hivyo mamia ya asubuhi, bila bima na kwa mshahara wa kibarua wa serikali, mpaka siku dume aliponguruma bila kuinuka alipoketi.

Deschryver alipenda kusimama mbele kabisa, na kamera zilimpenda kwa hilo. Lee Lyon, mpiga filamu aliyefanya kazi na kipindi cha televisheni cha Survival, alimpiga filamu akisogea kwa Casimir akiwa na mtoto yatima wa gorila mikononi, na dume yule akimjia na kumnyakua mtoto. Ilikuwa picha ya kustaajabisha.  Mwaka 1975 Lyon aliuawa na ndovu nchini Rwanda akiwa kazini. Watazamaji wa Ulaya walimkumbuka Mzungu aliyesimama bila silaha mbele ya gorila. Waliokuwa nje ya fremu, hatua tatu nyuma wakiwa na mapanga yao, ni hao waliomjua Casimir vya kutosha kumwambia mwenzao lini asogee.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watalii wakaanza kufika Tshivanga, lango la hifadhi, kutoka Bukavu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kununua tiketi asubuhi akiwa na matumaini ya kweli ya kumwona gorila mwitu kabla ya chakula cha mchana. Kanuni zilikuwa legelege. Makundi yalikuwa makubwa, mapanga yalikata vichaka hadi mbele ya wanyama ili kamera zipate mwanga, na mgeni mwenye noti nzuri alisogezwa karibu zaidi. Hata hivyo sifa zilienea. Dume mmoja wa Kahuzi, Maheshe, akawa maarufu kiasi cha kuhusishwa na picha ya gorila kwenye noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991. Majangili walimuua mwaka 1993.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kahuzi mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Hifadhi ilipotangazwa, Batwa walioishi ndani walianza kutolewa, na mwaka 1975 mipaka iliposogezwa hadi kilomita za mraba 6,000 mbano ukazidi. Maelfu yao waliishia pembezoni, kwenye vijiji vya Kabare na Kalehe, juu ya ardhi ya watu wengine, bila fidia. Waliokuwa wakila nyama, asali na viazi vya porini wakawa vibarua wa mashambani wanaolipwa kwa mihogo. Wanaume wachache wakabaki na kazi kama wafuata nyayo. Hebu tafakari hali hiyo: mtu anaingia msituni asubuhi akiwa na sare, anawaonyesha wageni vitanda vya gorila katika bonde alimozaliwa, na jioni anatoka, kwa sababu mkewe akikutwa mle akiokota kuni atakamatwa. UNESCO iliiweka Kahuzi-Biega kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Thamani iliyotajwa ilikuwa ya gorila na msitu.

Rwanda ilijifunza kutoka Kahuzi, na pia kutokana na makosa yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hifadhi ya volkano ilikuwa imemegwa hekta zipatazo 10,000 kwa kilimo cha pareto, na mwaka 1978 ulikuwepo mpango wa kuchukua nyingine 5,000 kwa ajili ya ng'ombe. Siku ya mwisho ya mwaka 1977 majangili walikuwa wamemuua Digit, dume kijana aliyependwa na Fossey, na michango ikamiminika kutoka Ulaya na Marekani. Bill Weber na Amy Vedder, mume na mke Wamarekani, walipiga hesabu nyingine: watalii wachache wanaolipa vizuri wangeingiza fedha nyingi kuliko maziwa. Mwaka 1979 familia mbili zilizozoeshwa zikaanza kupokea wageni, kundi dogo tu kwa siku, saa moja tu. Fossey alichukia mpango huo na hakuficha. Sensa ya mwaka 1981 ilihesabu gorila 254 tu katika Virunga yote, na baada ya hapo idadi ikaanza kupanda. Kufikia mwisho wa muongo huo utalii wa gorila ulikuwa umekaa karibu na kahawa na chai miongoni mwa vyanzo vya fedha za kigeni vya Rwanda.

Fossey aliuawa usiku mmoja wa Desemba 1985 kibandani kwake. Jina la mfuata nyayo likaingia kwenye magazeti ya dunia kwa mara ya kwanza, na kwa ubaya: Emmanuel Rwelekana, aliyewahi kumfanyia kazi, alikamatwa akituhumiwa mauaji. Alikutwa amekufa gerezani kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Mmarekani aliyeshtakiwa pamoja naye alikuwa ameshaondoka nchini.

Saa moja ile ya Weber na Vedder haikuwa ya kubania wageni. Gorila hushikwa na karibu kila ugonjwa wa binadamu, na kifua cha mtalii aliyepanda ndege akiwa na mafua ni hatari kuliko mtego wa waya. Mwaka 1988 ugonjwa wa kupumua uliwapata gorila wa Rwanda, sita wakafa, na madaktari wakawachanja dhidi ya surua kwa mishale. Nchini Uganda, mwaka 1996, daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka alikuta upele kwenye familia ya gorila wa Bwindi. Mtoto mmoja alikufa, na chanzo kilichoshukiwa kilikuwa nguo chafu za wanakijiji zilizosimamishwa mashambani kuwa vinyago vya kufukuzia wanyama. Kutoka hapo zikatokea kanuni anazosomewa mgeni leo kabla hajafunga kamba za viatu: watu wasiozidi wanane, umbali wa mita kadhaa uliozidi kuongezwa miaka ilivyokwenda, mgonjwa abaki nyumbani. Barakoa zikawa lazima wakati wa Uviko.

Uganda iliingia baadaye. Bwindi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na huko pia Batwa wakatolewa, sawa na wenzao wa misitu ya Mgahinga na Echuya. Familia ya gorila ya Mubare, iliyoongozwa na dume Ruhondeza, ilizoeshwa kwa takribani miaka miwili na kufunguliwa kwa wageni Aprili 1993. Wakati huo Rwanda ilikuwa vitani. Mrithi, dume mkuu wa mojawapo ya zile familia mbili za mwanzo za kitalii, alikuwa ameshapigwa risasi mwaka 1992, na wageni wakahamia Bwindi. Vita ikawafuata. Tarehe 1 Machi 1999 wapiganaji wa Kihutu waliovuka kutoka Kongo walivamia kambi ya Buhoma, wakaua watalii wanane na mhifadhi Mganda, Paul Wagaba. Tangu hapo foleni ya Bwindi huwa na mwenye bunduki tena, mbele na nyuma, safari hii kwa ajili ya kuwalinda watembeaji.

Kahuzi iliumia kuliko zote. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi kutoka Rwanda zilijengwa ukingoni mwa hifadhi, na kila familia ilihitaji kuni. Mwaka 1996 vita, mwaka 1998 vita tena. Wachimbaji wa madini ya koltani waliingia msituni kwa maelfu na kula kilichokuwamo. Ndovu wa nyanda za juu walimalizwa. Gorila wa sehemu hiyo walikuwa 245 mwaka 1996. Mwaka 2000 walibaki kama 130, na waliokufa kwanza ni wale waliozoeshwa. Hapa ndipo kazi ya Pilipili na wenzake inapoonyesha upande wake mchungu. Gorila aliyefundishwa kwa miaka kwamba binadamu hana madhara hakimbii anapomwona mwenye bunduki.

John Kahekwa, aliyeanza kazi katika hifadhi hiyo mwaka 1983, alikuwa amewaona gorila hao wakiwa hai. Baada ya miaka mingi ya kutangulia wageni alikuwa na jambo moja ambalo wataalamu wengi hawakuwa nalo: aliwajua majangili kwa majina, kwa kuwa walikuwa majirani zake. Mwaka 1992 alianzisha shirika aliloliita Pole Pole Foundation, linalopanda miti ya kuni nje ya hifadhi, kuendesha shule, na kuwafundisha wawindaji wa zamani kuchonga vinyago. Kazi hiyo imepata tuzo za kimataifa. Baada ya vita, dume Chimanuka alikusanya majike mmoja mmoja hadi akawa na familia kubwa, na wafuata nyayo wakarudi kuhesabu vitanda.

Leo biashara ni kubwa. Rwanda hutoza mgeni dola 1,500 kwa saa moja tangu mwaka 2017, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi huenda kwa vijiji vya jirani. Uganda hutoza dola 800 tangu mwaka 2024. Gorila wa milimani walihesabiwa kuwa 1,063, takwimu za Virunga na Bwindi zikiunganishwa, na mwaka 2018 waliondolewa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ni vigumu kutaja mnyama mwingine mkubwa wa Afrika aliyeongezeka namna hiyo katikati ya vita, na sifa hiyo si ya tiketi pekee. Wafuata nyayo huingia msituni kabla ya wageni kuamka, huanza pale walipowaacha gorila jana, huvifikia vitanda, husonga, kisha huita kwa redio: wako hapa, leteni watu. Mgeni anayefika saa nne huona muujiza ambao mtu mwingine ameshaumaliza saa mbili.

Kwa Batwa hesabu bado haijafungwa. Mgahinga wana njia yao, Batwa Trail, ambako hulipwa kuwaonyesha wageni jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti, kutega na kurina, na kuishia katika pango la Garama, yote ndani ya msitu wasioruhusiwa kuishi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba walitolewa kwenye ardhi yao bila fidia ya haki. Upande wa Kongo, baadhi ya familia zilirudi Kahuzi-Biega kwa nguvu mwaka 2018, na mapambano na askari wa hifadhi yakaua watu wa pande zote mbili, miongoni mwao jamaa waliokuwa wakijuana tangu utotoni. Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, inapaswa kuwaomba radhi, kuwalipa na kuwarudishia ardhi. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na serikali iliyoagizwa kutekeleza hayo ikapoteza mji ambao wageni wa Kahuzi huanzia safari yao.